Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: miaka 19 ya ngoma nayo ihesabiwe

Kwa: Makamu Mkuu wa Chuo
Nakala: Wajumbe wa Seneti, Mkuu wa Kitivo, Mkuu wa Idara, Serikali ya Wanafunzi

YAH: KUTOTAMBULIWA KWA UZOEFU WA KAZI YA NGOMA KWA MWANAFUNZI MTU MZIMA

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu, shahada ya sanaa za maonyesho. Nina miaka 41 na watoto wawili. Kabla ya kuja chuoni nilicheza ngoma kwa ujira miaka 19 katika kikundi kimoja cha hapa Dar es Salaam. Sindimba, lizombe, bugobogobo, mdundiko: hizo ndizo zilizonilipia kodi ya chumba na ada za wanangu. Nimecheza hotelini, nimecheza uwanjani kwenye sherehe za Uhuru jua likiwa utosini, nimecheza harusini hadi alfajiri. Nayataja haya mapema kwa sababu kila ninalolalamikia hapa chini linatoka humo.

Nimekwisha kukuandikia barua tatu kabla ya hii. Kila moja niliipeleka masjala kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikabaki na nakala. Nikifuatilia naambiwa faili liko mezani, au mhusika yuko kikaoni, au nije wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo sasa imetimiza mwaka mmoja na nusu. Jina langu na namba yangu ya usajili vimo katika barua hizo. Chuo sikitaji hapa, maana ninayemwandikia anajijua, na najua kwa kuzungumza na wenzangu kwamba wapo wanafunzi wa vyuo vingine wanaoweza kuisoma barua hii wakadhani nimeandika habari zao.

Kwanza nieleze kwa nini nilirudi darasani.

Nilirudi kwa sababu mbili. Moja ni goti la kushoto, ambalo daktari aliniambia gegedu lake limelika na kwamba nikiendelea kucheza kila siku nitakuja kutembea kwa gongo. Sababu ya pili ni swali. Nilipoingia kikundini nikiwa na miaka 19, aliyetufundisha sindimba alikuwa mzee wa Kimakonde kutoka Newala. Alitufundisha kwa duara. Wapigaji wanakaa upande mmoja na vinganga vyao, zile ngoma ndogo zinazopigwa kwa fito nyembamba, zikiwa zimeshapashwa moto hadi ngozi ikakaza, na sisi tunazunguka huku kila mmoja akimwona mwenzake. Baada ya miezi michache meneja akaja akatupanga mistari miwili, nyuso kwa wageni, dakika nane tu, kwa kuwa wageni wanakula na jukwaa lina upande mmoja. Mzee hakubisha. Tulipomaliza onyesho la kwanza la namna hiyo, alikuwa anafunga vinganga kwenye gunia, akaniuliza, "Mwanangu, sasa ulikuwa unacheza na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilicheza miaka mingine mingi kwa mistari, na swali lile halikuniacha. Ngoma inapotolewa kwenye duara ikapangwa mistari, kitu gani kinabaki na kitu gani kinapotea? Mchezaji anamjibu nani? Mpigaji anamtazama nani ili ajue wakati wa kubadili mwendo? Niliona kwamba mahali pa kulifanyia kazi swali hilo ni chuo kikuu, penye maktaba, walimu na watu wanaolipwa kufikiri. Bado naamini hivyo. Ndiyo maana nimebaki, na ndiyo maana naandika badala ya kuondoka kimyakimya kama walivyofanya wenzangu wawili wa umri wangu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kazi yangu ilinifungulia mlango, kisha ikafutwa.

Sikuingia chuoni kwa cheti cha kidato cha sita. Niliingia kwa utaratibu wa kutambua maarifa yaliyopatikana nje ya darasa, utaratibu ambao uko kitaifa chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Niliandaa jalada la kazi zangu: picha, mikataba, barua za mwaliko, kanda za maonyesho. Nilifanya mtihani, nikafaulu, nikapokelewa. Maana yake chuo kilikubali kwamba miaka ile 19 ina uzito wa elimu.

Mwaka wa kwanza nikapangiwa kozi ya misingi ya ngoma za jadi, ya vitendo. Niliomba nipimwe siku ya kwanza, na nikifaulu muda ule niutumie kwenye Kiingereza cha kitaaluma, ambacho ndicho kilichokuwa kinanitoa jasho. Nikajibiwa kwamba mwanafunzi ni mwanafunzi. Nilikubali. Wiki ya tatu mhadhiri msaidizi, kijana mpole ambaye huniamkia shikamoo mlangoni nami humwita mwalimu, aliniomba nioneshe hatua za sindimba kwa kuwa yeye alizijua kwa kusoma. Nikaonesha. Wiki iliyofuata nikaonesha tena. Hadi muhula unaisha nilikuwa nimeongoza darasa la vitendo la vijana 46 kwa wiki kumi na moja. Simlaumu mwalimu yule hata kidogo, aliachwa peke yake na kozi asiyopewa nyenzo za kuifundishia.

Halafu ukaja mtihani wa kuandika. Swali lilitaka tueleze chanzo cha mwondoko katika sindimba. Dondoo tulizogawiwa zilisema ni ngoma ya kukata kiuno, basi. Mimi niliandika ninachokijua kwa mwili wangu na nilichofundishwa na yule mzee: kwamba kiuno cha sindimba hakianzii kiunoni. Kinaanzia kwenye unyayo. Kisigino kinagonga chini, goti linalegea nusu ya nusu, nyonga inapokea ule mtikiso na kuurudisha, na kibwebwe ulichojifunga kinafanya uonekane. Ukikikata kiuno bila mguu, mpigaji anakujua papo hapo na anaweza kukuachia ngoma. Jibu hilo lilipewa sifuri, kwa maelezo kwamba halimo katika dondoo. Kozi niliyoiongoza kwa vitendo nikaipata kwa C.

Mheshimiwa, C si mwisho wa dunia. Kilichoniuma ni kwamba vijana wale 46 watakwenda kufundisha kwamba sindimba ni kukata kiuno, na mtu aliyekuwepo chumbani akiwa anajua zaidi aliambiwa anyamaze.

2. Sakafu.

Ukumbi wetu wa mazoezi una sakafu ya saruji, na theluthi moja imewekwa vigae. Tunacheza peku. Naomba usome aya hii kwa makini, maana watu wengi wakisikia mcheza ngoma analalamikia sakafu wanadhani anadeka.

Ngoma zetu zilizaliwa kwenye udongo. Udongo wa uwanja wa kijiji, hata uliokanyagwa miaka, unaupokea mguu. Unazama kidogo, unaumeza mshindo. Saruji haimezi kitu. Mguu ukigonga, mshindo wote unarudi juu: kisigino, ugoko, goti, uti wa mgongo. Bugobogobo peke yake, ngoma ya jembe ya Wasukuma, inataka ukanyage kwa uzito kama unayelima. Irudie kwa saa mbili juu ya saruji, mara tatu kwa wiki, kwa miaka mitatu. Goti langu liliharibika hivyohivyo, kwenye mabaraza ya hoteli, na wakati ule sikuwa na mtu wa kumwambia. Leo nawaona wasichana wa miaka 20 wakikaa chini baada ya kipindi na kujikanda ugoko kwa vidole gumba, wakidhani ni uchovu. Maumivu yale nayajua. Mmoja wao mwaka jana alipigwa picha hospitali akakutwa na ufa mwembamba kwenye mfupa. Aliacha kozi ya vitendo, akahamia uandishi wa tamthilia.

Pale kwenye vigae pana kimoja kilichobanduka karibu na nguzo ya pili kutoka mlangoni. Kimebanduka tangu nilipofika. Tumekizungushia chaki ili mgeni asikikanyage, na kila Jumatatu mtu anaipaka upya.

Fundi seremala yeyote anaweza kutandika mbao juu ya mataruma, chini yake vipande vya mpira, ili sakafu inese. Nimemleta mmoja kwa gharama yangu, amepima, ameandika makadirio. Makadirio hayo yameambatanishwa na barua yangu ya pili.

3. Kuchezeshwa bila malipo, kisha kuadhibiwa kwa utoro.

Kila chuo kinapopata mgeni mkubwa, napigiwa simu. Mahafali, uzinduzi wa jengo, ujumbe kutoka nje, wiki ya utafiti. "Mama, tunakutegemea." Naandaa vijana, natafuta ngoma za kukodi, napanga mavazi. Tangu mwaka wa kwanza tumecheza mara kumi na nne. Malipo yamekuwa soda na chakula cha boksi, na mara mbili nauli ya daladala. Mimi niliyeishi kwa kazi hii najua onyesho la dakika kumi na watu kumi na wawili lina gharama gani hata kabla ya mtu kulipwa jasho lake.

Lakini fedha siyo kubwa katika hili. Mara tano kati ya hizo kumi na nne, maonyesho yaligongana na vipindi. Niliandikiwa mtoro. Kozi mbili zinadai mahudhurio ya asilimia 75, na katika moja nilikosa sifa ya kufanya mtihani, nikalazimika kuirudia mwaka uliofuata pamoja na ada yake. Nilipopeleka ratiba ya hafla, iliyosainiwa na ofisi yako mwenyewe, nikaambiwa kwamba ofisi ya uhusiano na ofisi ya taaluma ni ofisi mbili tofauti. Siku ya hafla nilikuwa nimekaa futi sita kutoka ulipokuwa umeketi, nikisubiri ngoma zipate moto. Ulipiga makofi, na nakushukuru kwa dhati. Wakati huohuo darasani jina langu lilikuwa linasomwa na hakuna aliyeitika.

4. Tasnifu.

Mwishoni mwa mwaka wa pili niliwasilisha pendekezo la utafiti juu ya lile swali la mzee: sindimba ya duara na sindimba ya mistari. Niliomba mambo mawili. Kwanza, sehemu ya tasnifu iwe rekodi ya video ya dakika ishirini, ngoma ileile ikichezwa kwa namna zote mbili na wachezaji walewale, ili msomaji aone tofauti ninayoizungumzia. Pili, maelezo ya wazee wa ngoma yahesabiwe kuwa chanzo kamili, kwa majina yao na kwa ridhaa yao, kama yanavyohesabiwa maelezo ya mtu aliyechapisha kitabu.

Pendekezo lilirudishwa na sentensi mbili: kwamba kazi ya kitaaluma ni maandishi, na kwamba vyanzo viwe vilivyochapishwa.

Nimetafuta. Vilivyochapishwa juu ya sindimba vipo, nimevisoma, na baadhi ni vizuri sana. Lakini mtu aliyeandika kitabu alikwenda kumuuliza nani? Alikwenda Newala na Mtwara akawauliza wazee kama yule aliyenifundisha. Ikiwa neno la mzee ni chanzo pale tu anapolibeba mtu mwingine na kulichapisha, basi mimi niliyemsikia kwa masikio yangu na kuliweka mwilini kwa miaka 19 nimewekwa nyuma ya msafiri aliyekaa wiki sita.

Na kuhusu maandishi: upo mfumo wa kuandika miondoko kwa alama, uliochapishwa na mtaalamu wa dansi wa Ulaya, Rudolf Laban, mwaka 1928, nami niliusoma peke yangu katika maktaba yetu hii hii, kutoka kitabu ambacho kadi yake ilionesha hakijaazimwa kwa miaka. Niko tayari kuuandika kila mwondoko kwa alama hizo na kuuambatanisha. Nimeambiwa hakuna wa kuusahihisha.

5. Fomu.

Hili ni fupi. Kila fomu ya chuo, kuanzia usajili hadi ruhusa ya kwenda hospitali, inataka saini ya mzazi au mlezi. Wazazi wangu wote ni marehemu. Mwaka wa kwanza mdogo wangu, niliyemsomesha mimi, alisaini kama mlezi wangu. Wekeni mstari mmoja kwa ajili ya mwanafunzi mtu mzima.

Sasa najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa nimeyasikia mlangoni mwa ofisi moja baada ya nyingine.

Litasemwa la kwanza: kanuni ni za Seneti, hakuna mtu mmoja anayeweza kuzibadili. Sawa, ndiyo maana nakala imekwenda kwa Seneti.

La pili: ukimfungulia mmoja, kila mtu atadai kazi yake ihesabiwe. Na adai. Apimwe, akishindwa akae darasani kama wengine. Nchi hii imewahi kwenda mbali kuliko ninavyoomba mimi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka vijana wakafanye kazi kwanza, walau miaka miwili, ndipo waombe chuo kikuu, na maoni ya mahali pa kazi yakatazamwa. Azimio lile lilikuwa na matatizo yake na liliachwa, sisemi lirudi. Nasema tu kwamba wazo la kazi kuwa sehemu ya sifa ya msomi si geni kwetu, na wapo maprofesa waliopita njia hiyo.

La tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: ngoma ni kipaji, si taaluma. Hapa naomba radhi, nitakuwa mkali kidogo. Desemba 1962, siku Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais na kutangaza wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wengi wetu walijifunza rumba, chachacha na hata foxtrot, lakini ni wachache waliowahi hata kuzisikia ngoma zetu kama gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Baada ya hapo taifa liliunda kikundi chake cha ngoma, na mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na idara ya sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Hatubishani tena kama ngoma ni taaluma. Hilo liliamuliwa kabla sijazaliwa. Tunabishana kama aliyeifanya kazi hiyo anaruhusiwa kuisemea.

La nne: video haiwezi kusahihishwa. Wanafunzi wa usanifu majengo hutetea michoro na vielelezo vya mbao mbele ya jopo, na hakuna anayewaambia nyumba si maandishi. Vyuo vya Uingereza na Afrika Kusini vimezoea kupokea onyesho kama sehemu ya tasnifu, likiambatana na maandishi. Nami sijaomba kuacha kuandika. Kurasa zote zinazotakiwa nitaziandika, kwa Kiingereza kilekile kinachonitoa jasho.

La mwisho ni fedha. Kwa video sihitaji hata shilingi. Kwa sakafu, makadirio mnayo.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni hiki.

Pendekezo langu la tasnifu lirudishwe mbele ya kamati, niitwe nilitetee kwa mdomo na kwa vitendo. Hili ndilo la haraka, maana muda wa utafiti wa mwaka wa tatu unakwisha Aprili, na mzee wangu wa Newala ana miaka zaidi ya 80. Msimu wa mvua uliopita aliugua, nikasafiri usiku kucha kwenda kumwona. Alinishika mkono akaniuliza kama lile swali lake nimeshalipatia jibu.

Mwanafunzi aliyeingia kwa kutambuliwa kwa kazi yake apewe nafasi ya kupimwa kwa vitendo katika kozi inayohusu kazi hiyo hiyo, kabla ya kulazimishwa kuisoma upya.

Ofisi inayomwita mwanafunzi kwenye hafla ya chuo imwandikie barua ya ruhusa, na barua hiyo iheshimiwe na idara zote. Wachezaji walipwe, hata kama ni kidogo, na walipwe kwa maandishi.

Ukumbi uwekwe mbao. Ikishindikana mwaka huu, basi kipindi cha vitendo kihamishiwe kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya bweni la wasichana, kuanzia muhula huu, na kile kigae kitengenezwe wiki hii.

Fomu zirekebishwe.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 21. Nikiitwa kuzungumza nitakuja, saa yoyote, na nitakuja na nakala zote.

Jambo la mwisho. Juzi nimepigiwa simu kuhusu mahafali ya mwezi ujao. Nimepewa ratiba ya mazoezi na kuambiwa niandae sindimba, mistari miwili, nyuso kwa jukwaa kuu. Mazoezi mawili yanaangukia saa za kipindi. Safari hii nimekataa, na nimewaambia vijana kila mmoja aamue mwenyewe. Kama nitakuwa nimepata barua ya ruhusa na tarehe ya kuitetea tasnifu yangu, nitacheza, na nitaomba tucheze kwa duara.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mcheza ngoma
Dar es Salaam